Asilimia 3.1, kisha sifuri: wanafalaki walikuwa wanabahatisha?

Swali, kutoka kwa Baba Zawadi wa Morogoro: "Mtaalamu, habari za kazi. Februari 2025 kwenye magrupu ya WhatsApp tulisambaziwa habari za jiwe linaloitwa 2024 YR4, kwamba lingeweza kuipiga dunia Desemba 2032. Kwanza walisema asilimia 1, ikapanda 2, ikafika 3 na ushee, watu tukaanza kuogopa. Halafu ndani ya wiki moja ikawa sifuri. Mke wangu anasema hawa watu wanabahatisha tu, kama watabiri wa mechi. Mimi nasema kuna jambo limefichwa. Nani kati yetu yuko sahihi? Jingine: nina darubini ya kioo cha milimita 114 niliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Naweza kugundua asteroidi au kometi nikiwa hapahapa Morogoro?"

Baba Zawadi, salamu zimefika, nami namrudishia zangu Mama Zawadi. Samahani, leo sitampa ushindi yeyote kati yenu. Hakuna aliyebahatisha, wala hakuna aliyeficha. Asilimia ile ilipanda kwa sababu vipimo vilikuwa vinaboreka, na ikaanguka kwa sababu hiyohiyo. Najua hilo linasikika kama jibu la mgombea ubunge, kwa hiyo nivumilie nilifungue taratibu.

Wengi hudhani kugundua asteroidi ni mtu kuchungulia darubini usiku, akaona jiwe lenye mashimo likija, akapiga simu. Jiwe halionekani hivyo. Kinachoonekana ni nukta, na nukta ile haina tofauti yoyote na maelfu ya nyota zilizoizunguka. Darubini iliyoinasa 2024 YR4 tarehe 27 Desemba 2024 ni ya ATLAS, mradi wa kusaka mawe ya angani, iko Chile, na kioo chake ni cha nusu mita tu. Hakuna anayechungulia. Kamera hupiga eneo lilelile la anga mara nne, kila picha sekunde 30, zikipishana ndani ya saa moja hivi, kisha kompyuta inazilinganisha. Nyota zinabaki palepale zilipo baina yao; Kilimia unachokiona wewe ndicho alichokitazama babu yako akijua msimu wa kulima umefika. Nukta ikiwa hapa kwenye picha ya kwanza, imesogea kidogo kwenye ya pili, ikasogea tena kwenye ya tatu na ya nne, na zote zikakaa kwenye mstari mmoja, basi hiyo si nyota.

Mara nyingi inakuwa ni asteroidi inayojulikana tayari, maana zilizoorodheshwa zimepita 1,400,000. Isipolingana na yoyote, vipimo vyake vinatumwa Minor Planet Center, Cambridge, Massachusetts, ambayo mimi huiita ofisi ya vizazi na vifo ya mawe ya angani. Na kinachotumwa si picha. Ni mistari minne ya maandishi: saa, mahali ilipokuwa angani kwa vipimo viwili, na mng'ao wake. Basi.

Umbali haumo. Hapo ndipo penye kisa chote.

Umewahi kusafiri usiku barabara ya Dodoma, ukaona taa moja mbele yako. Ni bodaboda iliyo karibu, au ni lori lililoungua taa moja liko mbali? Kwa kutazama mara moja huwezi kujua. Unasubiri uone taa inavyokua na inavyohama. Nukta ya angani ni hivyohivyo: inaweza kuwa jiwe dogo lililo karibu au mlima mzima ulio mbali, na kwa picha nne za usiku mmoja vyote viwili vinakubalika. Inabidi kuifuata kesho, keshokutwa, wiki ijayo, kwa darubini nyingine na nyingine tena, hadi njia yake ianze kujipinda vya kutosha kutuambia inalizunguka jua kwa umbali gani na kwa kasi gani. Kipande hicho cha njia tulichokipima tunakiita tao. Tao likiwa fupi, hata ukiwa na kompyuta ya bei gani, utabiri wa miaka minane mbele unakuwa mpana mno.

Jambo hili ni la zamani kuliko darubini za kompyuta. Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, Giuseppe Piazzi, padri wa Palermo, Italia, aliona nukta kwenye kundi la nyota la Ng'ombe (kundi hilohilo lenye Kilimia) ambayo kesho yake ilikuwa imehama. Aliifuata hadi tarehe 11 Februari, akapata vipimo 24, kisha ikaingia kwenye mwanga wa jua na kutoweka. Ilikuwa Ceres, asteroidi ya kwanza na kubwa kuliko zote, nayo ilikuwa imepotea mikononi mwa aliyeigundua. Kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alitunga njia mpya ya hesabu, akasema itazameni mahali fulani. Ilipatikana tena tarehe 31 Desemba mwaka uleule, karibu kabisa na pale alipoelekeza. Mimi nikifundisha somo hili huwa nampa Gauss sifa sawa na Piazzi, na wanafunzi huwa wananibishia.

Sasa turudi kwenye asilimia zako.

Tuseme mtaa wenu una nyumba 100, na usiku mmoja nyoka ameonekana akiingia nyumba mojawapo, haijulikani ipi. Uwezekano kwamba yuko kwako ni 1 kwa 100. Mgambo wanapita wakikagua. Nyumba 50 zimekaguliwa, hayupo. Kwako bado hawajafika. Zimebaki 50, kwa hiyo uwezekano wako sasa ni asilimia 2. Zikikaguliwa 68 hayupo, zimebaki 32, na wewe umefika asilimia 3.1. Nyoka hajatoka alipo. Hakuna mgambo aliyebadilisha maneno. Kilichopungua ni nyumba za kumshuku, na yako bado imo kwenye orodha. Halafu wanamkuta jikoni kwa jirani, na wewe unashuka hadi sifuri papo hapo, bila kupitia 2 wala 1.

Angani nyumba hizo ni ukanda mrefu mwembamba. Vipimo vya mwanzo vilisema tarehe 22 Desemba 2032 jiwe lingekuwa mahali fulani ndani ya ukanda huo, na dunia, yenye upana wa kilometa 12,740 hivi, ilikuwa imeangukia ndani yake. Kwa hesabu rahisi ya mfano: ukanda ukiwa na urefu wa kilometa 1,274,000, dunia inachukua asilimia 1 yake. Vipimo vikiboreka ukanda ukafupika hadi 411,000, upana wa dunia haujapungua hata mita, kwa hiyo inachukua asilimia 3.1. Endelea kuufupisha ukanda, kuna siku ncha yake inaipita dunia na kuiacha nje.

Ndivyo ilivyokuwa. Asilimia 1 ilivukwa tarehe 27 Januari 2025. Tarehe 18 Februari hesabu ya NASA ilifika 3.1, kubwa kuliko ya asteroidi yoyote ya ukubwa wa jiwe hilo au zaidi tangu kazi hii ianze. Kesho yake 1.5. Siku chache mbele ikawa chini ya 0.3, na tarehe 24 Februari tunazungumzia 0.004. Usisahau pia kulikuwa na mwezi mpevu tarehe 12 Februari, na mwezi ukiwa mzima anga lote linakuwa jeupe kama maziwa; nukta hafifu haipimiki. Wiki hiyo wengi walikaa wakisubiri, nanyi kwenye WhatsApp mkakaa na asilimia 2 na ushee bila habari mpya. Mwezi ulipopungua vipimo vikamiminika, ndiyo maana mabadiliko yalikuja kwa kishindo.

Na kwa nini jiwe lenyewe lilichelewa kuonekana? Lilipita karibu zaidi na dunia tarehe 25 Desemba, kama kilometa 829,000, likitokea upande wa jua. Hakuna darubini ya ardhini inayotazama upande huo. Tulipoliona tarehe 27 lilikuwa tayari linatupa kisogo, na kila usiku lilikuwa hafifu kuliko jana. Hapo kuna kosa ambalo kweli ni la kwetu, si la hesabu: tuna macho mengi ya usiku na hatuna jicho la maana la kuangalia upande wa mchana.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2004 asteroidi Apophis, kubwa zaidi, mita mia tatu na kitu, ilipanda hivyohivyo hadi asilimia 2.7 ya kutugonga Aprili 2029. Siku mbili baada ya Krismasi wakapata kwamba ilikuwa imeingia kwenye picha za miezi tisa nyuma, Machi 2004, bila mtu kuitambua. Tao likarefuka ghafla, hofu ya 2029 ikaisha. Kwa hiyo Mama Zawadi asituweke kundi moja na watabiri wa mechi. Mtabiri wa mechi akikosea hubadilisha timu. Sisi tunatangaza hesabu kila siku huku tukijua kwamba karibu kila mara itapanda kabla ya kuanguka. Pengine tungesema hilo kwa sauti zaidi. Vyombo vya habari vilichukua namba, vikaacha maelezo, nasi hatukupiga kelele.

Kuhusu kuficha, Baba Zawadi, fikiri hivi. Vipimo vinawekwa wazi na Minor Planet Center, yeyote mwenye intaneti anavichukua. Marekani wanapiga hesabu yao, Shirika la Anga la Ulaya yao, Pisa nchini Italia yao, kila mmoja kivyake. Jiwe liko juu ya paa la kila mtu. Darubini ya Chile ikinyamaza, ya Japani au ya Afrika Kusini italisema. Mimi siri za dunia hii sizijui zote, ila hii ni mahali pabaya mno pa kuhifadhi siri.

Kilicho kigumu kwetu ni kupoteza, si kuficha. Unaikumbuka kometi ya Oktoba 2024, ile iliyoonekana magharibi baada ya jua kuzama ikiwa na mkia wima kama moshi wa tanuru? Inaitwa Tsuchinshan–ATLAS. Kituo cha Purple Mountain cha China kiliinasa Januari 2023 na kuripoti nukta yake. Hakuna aliyeifuata usiku zilizofuata, ikahesabiwa kuwa imepotea. Februari ndipo ATLAS ya Sutherland, Afrika Kusini, ilipoikuta upya, na baadaye ikajulikana ni ileile. Majina mawili kwenye kometi moja, na kati yake wiki sita za uzembe wa pamoja. Kometi zina usumbufu wao wa ziada: barafu yake ikipashwa na jua hufoka gesi, na mfoko huo huisukuma kama roketi ndogo, kwa hiyo hata ukiwa na tao refu bado inaweza kukuchepukia kidogo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko jirani na kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski, kwenye darubini ya mita 1.5 ya Mlima Lemmon, Arizona, alinasa nukta iliyokuwa inakimbia. Safari hii hesabu haikusema asilimia 3. Ilisema itagonga, na itagonga kaskazini mwa Sudan, baada ya saa 20 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia jiwe kuonekana angani kabla ya kuingia hewani. Lilikuwa dogo, kama mita 4. Waangalizi wa nchi mbalimbali walilirukia na kutuma mamia ya vipimo, hadi lilipoingia kwenye kivuli cha dunia na kuzimika machoni. Alfajiri ya tarehe 7, karibu saa kumi na mbili kwa saa za Afrika Mashariki, lilipasuka kilometa 37 juu ya Jangwa la Nubia.

Desemba yake, Peter Jenniskens wa Taasisi ya SETI, Marekani, na Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum walichukua wanafunzi na wafanyakazi 45, wakajipanga mstari mmoja mpana jangwani, wakaanza kutembea wakitazama chini, kama watu wanaotafuta pete shambani. Walipata. Baada ya misafara kadhaa vipande vilifika 600 hivi, jumla kilo 10 na nusu, vyeusi juu ya mchanga wa rangi ya ngano. Kituo cha reli kilicho karibu na hapo ndicho kilichoyapa mawe hayo jina: Almahata Sitta. Nikiwatajia wanafunzi wangu, wa Pwani huwa wanacheka kabla sijafasiri, maana "sitta" ni sita ileile tunayohesabia. Kituo Namba Sita. Linganisha na Kimondo cha Mbozi kule Songwe, tani zipatazo 16 za chuma: hakuna ajuaye kilianguka lini, kilitokea wapi, wala kilipita njia gani angani. Cha Sudan kina uzito wa mfuko wa unga, lakini tunaijua njia yake kuzunguka jua.

Sasa darubini yako. Nikwambie ukweli: kugundua kwa milimita 114 hutagundua. Zamani hizo zimepita. Hata 2024 YR4 siku ilipoonekana mara ya kwanza ilikuwa hafifu zaidi ya mara 10,000 kuliko nyota ya mwisho unayoweza kuiona kwa macho, na darubini mpya ya Vera Rubin kule Chile, kioo mita 8.4, ilipoanza majaribio mwaka 2025 ilileta asteroidi mpya 2,104 kwa takriban saa 10 tu za kupiga picha. Huwezi kushindana na hiyo kutoka Kihonda.

Lakini unaweza kufanya alichofanya Piazzi. Asteroidi Vesta inafika mahali inaonekana hata kwa darubini ya mkono, na kwako itang'aa vizuri. Weka programu ya Stellarium kwenye simu, ikuoneshe Vesta iko wapi mwezi huu. Elekeza darubini hapo, tumia lenzi ya kukuza kidogo, si ile ya kukuza sana, halafu chukua daftari na penseli. Chora duara, weka nukta zote unazoziona, kubwa kwa ndogo, andika tarehe na saa. Usijisumbue kuamua ipi ni Vesta. Rudi baada ya usiku mbili au tatu, chora tena ukurasa wa pili. Kisha mpe Zawadi kurasa zote mbili akwambie ipi imehama. Ikiwa mtoto ameiona bila kuambiwa, umeshafanya kazi nzima ya ATLAS kwa penseli.

Ukitaka mchango wa kweli kwenye orodha, darubini yako iache kabatini. Kuna mpango wa IASC, wenye makao yake Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas, unaovipa vikundi na shule za nchi nyingi picha halisi za darubini ya Pan-STARRS ya Hawaii, bure. Kikundi kinapakua picha nne, kinazifungua kwa programu ya Astrometrica kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows, kinazipepesa moja baada ya nyingine na kutafuta nukta inayoruka. Kusanya walimu wawili watatu wa hapo Morogoro mjisajili. Mkibahatika, nukta yenu inaingia kwenye orodha ya muda, na kabla ya kupewa namba ya kudumu ni lazima ifuatwe miaka, kama sita hadi kumi. Wengi hukata tamaa wakisikia hapo. Mimi naona ni haki yake.

Na jambo moja la saa, kwa kuwa limeniumbua. Nikiwa mwanafunzi nilipewa usiku mzima kwenye darubini ya chuo kimoja nipime jiwe lililokuwa linapita karibu, likisogea sekunde 30 za pembe kwa dakika. Sekunde ya pembe ni upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ukiitazama kutoka kilometa 5, na vipimo vyetu vinatakiwa visikosee hata hiyo moja. Nilipima kwa uangalifu hadi alfajiri. Vyote vilikataliwa. Kompyuta ya darubini ilikuwa haijapata intaneti siku kadhaa, saa yake ikachelewa sekunde 4, na kwa sekunde 4 jiwe lilikuwa limehama sarafu mbili. Nyota zilikuwa sawa, picha zilikuwa nzuri, saa ndiyo iliyoniangusha.

Kwa hiyo rekebisha saa ya simu yako kwa mtandao, na uweke alama kwenye kalenda: Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029. Apophis ileile itapita kilometa 32,000 hivi juu ya uso wa dunia, karibu kuliko baadhi ya setilaiti za televisheni, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zitakazoiona kwa macho matupu. Itakuwa karibu zaidi saa 6:46 usiku kwa saa zetu, ikiwa juu ya Atlantiki, kwa hiyo anza kuitafuta jioni mapema. Itakuwa na mng'ao wa nyota ya kati, ikitembea. Tokeni nje ya taa za mji, Mikumi kwa mfano. Darubini mnaweza kuibeba, lakini kwa kasi ile Mama Zawadi ataipata kwa macho kabla hujamaliza kuielekeza.